Kadi yangu inanifukuzia wateja?

SWALI: Habari zenu, mimi nafunga kamera za ulinzi, mteja akishaona kazi yangu hana neno, shida ni mwanzoni, nikimpa kadi au nikimtumia kotesheni (karatasi ya makadirio ya bei) naona kabisa anasita. Jamaa yangu anasema ni muonekano wa makaratasi yangu. Kweli karatasi inaweza kuninyima kazi?

JIBU: Inaweza ndugu yetu, tena sana tu. Mtu ambaye hajaona kazi yako hana kingine cha kukupimia. Kwenye picha ya kadi uliyotutumia logo ina ukungu, inaonekana ilitolewa WhatsApp ikavutwa iwe kubwa, muombe aliyekuchorea akupe faili la vekta (logo iliyohifadhiwa kama mistari na maumbo, siyo picha ya nukta nukta), lile hata ulitanue liwe bango halipotezi ubora. Rangi nayo, simu inaonyesha kwa RGB (rangi za mwanga: nyekundu, kijani na buluu) ila mashine inachapa kwa CMYK (wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi), ndo maana buluu yako imefifia hivyo, mwambie dizaina aandae kwa CMYK toka mwanzo na aache milimita 3 za ziada kila upande za kukatia. Karatasi chukua ya gramu 300 kwa mita ya mraba kwenda juu, nyepesi inajikunja mfukoni.

Ila kotesheni ndo inakuangusha zaidi (samahani lakini!), fonti nne kwenye ukurasa mmoja, jumla imejificha chini kabisa, bei inaisha lini hujasema, halafu jina la biashara siyo lile la kwenye kadi, sasa mtu anajiuliza hela anamlipa nani? Anza na hiyo, kadi isubiri kwanza.