Maswali yenu kuhusu vipasana: goti linapouma, unaona nini?

Safari iliyopita niliigusia vipasana, tafakuri ya umaizi ya Wabudha, kwa mistari mitatu tu. Maswali yakamiminika. Haya hapa matano.

Kila jioni nakaa dakika kumi nikifuata pumzi yangu, natulia kabisa. Ndiyo vipasana hiyo? (Morogoro)

Bado, uko mlangoni. Wabudha wana maneno mawili ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao: samatha, yaani kuituliza akili kwa kuikalisha mahali pamoja, na vipasana, yaani kuona mambo yalivyo. Maji ya mtungi yakituama ndipo unapoweza kuchungulia chini. Wengi wetu yakishatuama tunaondoka zetu, tunashukuru kwa usingizi mzuri.

U Ba Khin, aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma (leo Myanmar) na papo hapo mwalimu wa tafakuri, hakutaka mchezo na jambo hilo. Mwaka 1955 aliendewa na mfanyabiashara S. N. Goenka, ambaye kipandauso kilikuwa kikimtesa hadi anachomwa mofini. Goenka mwenyewe alisimulia kwamba alipotaja kichwa chake alikataliwa: hapa hatutibu vichwa, tunasafisha akili. Ilibidi arudi na nia nyingine ndipo akapokelewa.

Sasa anayekaa pale anategemea kuona nini? Mwanga? Maono? (Mombasa)

Maono yakija, unaambiwa uyaache yapite. Kinachotafutwa ni mambo matatu: kwamba kila kilichotokea hupita (anicha), kwamba hakiwezi kumtosheleza mtu (dukha), na kwamba ndani yake hamna "mimi" wa kukimiliki (anata). Kwa kuyasoma, wala hayashtui. Nani kwetu hajui kwamba dunia ni mapito? Kazi ni kuyaona mwilini.

Mara ya kwanza nilipokaa saa nzima, kwenye dakika ya arobaini hivi goti la kushoto liliwaka moto. Nilikuwa nikifuata mtindo wa Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma: unafuata tumbo linavyopanda na kushuka, na likizuka jingine unalitaja kimoyomoyo. "Inauma, inauma." Mwanzoni maumivu yalikuwa donge moja, tena donge langu. Nikaendelea kutazama. Kumbe si donge: ni joto, halafu mchomo, halafu ganzi, halafu kitambo kidogo hakuna kitu, halafu joto tena. Na pembeni kulikuwa na kitu cha pili kabisa, hasira ya kutaka kengele ya kumaliza ilie. Miaka yote nilidhani viwili hivyo ni kimoja.

Buddha alifundisha kwamba hisia huzaa tamaa: ikiwa tamu tunaing'ang'ania, ikiwa chungu tunaikimbia, na hapo ndipo mateso yanapopata mizizi. Anayeiona hisia wazi inapokuja na kuondoka anaweza asiifuate. Vipasana ipo kwa ajili ya mwanya huo mdogo, na mwisho wa njia yake ni nibana, kuzimika kwa tamaa, chuki na ujinga. Goti langu, kwa taarifa yenu, liliendelea kuuma.

Hii si ilikuwa kazi ya watawa? Raia waliingiaje? (Nairobi)

Wakoloni wana mkono wao. Mwaka 1885 Waingereza waliiteka Mandalay, mji mkuu wa Burma, na kumpeleka Mfalme Thibaw uhamishoni India. Mfalme ndiye aliyekuwa mlezi wa dini. Akiondoka yeye, nani ataibeba? Mtawa Ledi Sayadaw akaona ibebwe na watu wenyewe. Akazunguka nchi akiwafundisha raia, akaandika kwa Kiburma wanachokielewa. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mkulima, Saya Thetgyi, naye ndiye aliyemfundisha yule mhasibu U Ba Khin. Yaani mkulima, mhasibu, mfanyabiashara, hakuna kanzu ya mtawa hata moja hapo! Goenka akaivusha hadi India mwaka 1969. Kozi zake ni za siku 10: kengele saa kumi alfajiri, kimya, na ada hakuna. Aliyemaliza ndiye humchangia ajaye.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mwislamu. Nikikaa hivyo nitakuwa nimetoka kwenye dini? (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Kutazama pumzi ni kutazama pumzi. Lakini sitakudanganya kwamba ni mazoezi ya mwili tu, kama wanavyosema wenye kuiuza. Fundisho la anata linakana roho ya kudumu, na Buddha hakufundisha habari za Muumba. Upande huo kamuulize sheikh wako kabla hujakunja miguu. Na kama una historia ya maradhi ya akili, anza na daktari. Kimya cha siku nyingi huweza kumzidishia mtu.

Inachukua muda gani hadi mtu afike? (Dodoma)

Katika Satipatana, hotuba inayotegemewa zaidi na walimu wa vipasana, Buddha anasema atakayekaza kwa miaka saba atarajie moja ya mawili: ukombozi kamili hapa hapa, au asirudi tena duniani. Halafu anaanza kupunguza. Acha miaka saba, hata sita. Tano. Anashuka hadi mwaka mmoja, miezi saba, mwezi, nusu mwezi, na mwisho anasema: siku saba. Mimi nimekaa miaka kumi na moja, na bado naisubiri kengele.