Jibu: Kwa nini IST yangu ya farasi 109 inaachwa na Polo ya farasi 105 mlimani?

Ndugu, gari lako halina ubovu. Umeuliza kwa nini Volkswagen Polo ya 1.2 TSI (injini ya lita 1.2) inaiacha Toyota IST yako ukipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, na kwenye karatasi wewe ndiye mwenye farasi wengi, yaani nguvu nyingi za injini. Hao farasi 109 wanatoka injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika. Wewe huwa unafika huko? Wengi tunabadili gia kwenye 2,500, kwa hiyo farasi wengi wamelala zizini.

Cha kutazama ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha. IST ya 1.5 hutoa kama Newton-mita 140, tena ukivuka mizunguko 4,000. Polo ile hutoa 175 kuanzia mizunguko 1,550 hivi, kwa sababu ya turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ukikanyaga tu, iko tayari.

Halafu mwinuko. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu yake kwa kila mita 100, kwa hiyo huko juu farasi wako wamebaki kama 87. Turbo hufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Ongeza na giaboksi yako ya gia nne: kutoka ya tatu kwenda ya pili ni pengo kubwa, injini inalia tu.

Ukitaka kupita lori, shusha gia mapema, usingoje mwendo ufe. Na abiria wanne na magunia ya viazi? Hapo hata mimi nakaa nyuma ya lori.