Anza na Upepo, Mahaba Yatafuata

Msomaji mmoja ameniletea sura ya kwanza ya riwaya yake ya mahaba, Unguja mwaka 1850. Analalamika kwamba mhariri ameirudisha kwa neno moja tu: haiaminiki. Imemuuma, na naelewa kwa nini. Lakini mhariri ana haki. Katika kurasa nne binti wa Kiarabu anatoka na buibui, anamtupia nahodha kijana kanga yenye jina la mafumbo, na taarabu inasikika kutoka Beit el-Ajaib. Mwaka 1850 hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Jumba hilo lilijengwa 1883. Kanga ilizaliwa karne ikielekea ukingoni, na majina yake yakaja baadaye zaidi. Buibui nalo lilichelewa kuenea. Taarabu ya ala inahusishwa na enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888.

Mvishe bibi huyo barakoa, kile kifuniko cha uso cha mabibi wa Kiarabu, na mjakazi wake kaniki au merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Marekani. Mfukoni mwa nahodha tia riali za fedha zenye sura ya Maria Theresa, zote zimeandikwa mwaka 1780 hata zile zilizofuliwa miaka mingi baadaye. Na wakiahidiana kukutana "usiku wa Ijumaa", kumbuka siku ya Waswahili huanza jua likizama, kwa hiyo huo ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Hayo ni marekebisho ya jioni moja.

Kazi kubwa ni kizuizi. Mahaba bila kizuizi cha kweli ni maneno matamu tu, na waandishi wengi hukimbilia baba mkali au mpinzani mwenye wivu. Karne ya 19 ina vizuizi bora kuliko hivyo, na cha kwanza ni upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ikishika Aprili, yalianza kurudi. Juni na Julai bahari ilichafuka mno, na aliyekawia akangoja hadi Agosti au Septemba. Nahodha wako hana uhuru wa kubaki "kidogo tu". Akikosa kusi ya mwanzo, shehena aliyokabidhiwa na wafanyabiashara inamwozea mikononi.

Kizuizi cha pili ni sheria, na hapa ndipo utajiri ulipo. Mfanye huyo bibi awe mjane. Mumewe amefariki tarehe 10 Januari 1850. Edda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, kwa mjane asiye na mimba ni miezi minne ya mwandamo na siku kumi, takriban siku 128, basi itamalizika katikati ya Mei, huku dirisha la safari likikaribia kufungwa. Ndani ya edda hatoki ovyo, hajipambi, hatii wanja wala manukato. Kwa hiyo kikuba cha asumini na rehani ambacho nahodha angemtumia hakiwezi kupokelewa. Kumposa waziwazi ni haramu. Lakini kuashiria kunaruhusiwa! Yaani sheria yenyewe inawalazimisha wapendanao hawa kusema kwa mafumbo. Mwandishi akiliacha hili likapita, sijui anatafuta nini kingine. Andika mazungumzo yote ya sura tatu bila neno "nakupenda", yapitie kwa somo yake, yule mwanamke aliyemfunda, au mjakazi, na kila fumbo liwe na maana mbili, moja ya kumwambia kaka mtu endapo atasikia.

Edda ikiisha, kuna kufu, yaani ulinganifu wa hadhi. Walii, msimamizi wa ndoa yake, anaweza kupinga kwamba mwanamume si wa nasaba inayolingana. Bikira kimya chake kilihesabiwa kuwa ridhaa, ila mjane lazima atamke. Tamko hilo moja ndilo kilele cha riwaya, usilimalize kwa sentensi mbili.

Ukitaka kipimo cha ukubwa wa vizuizi hivi, mtazame Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Unguja. Alimpenda jirani yake Mjerumani, Heinrich Ruete, akapata mimba, na Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden. Aliolewa huko Mei 1867, baada ya kubatizwa.

Jambo moja nalisema kwa ukali: usimgeuze suria kuwa mpenzi aliyechagua. Alinunuliwa. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, na amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa haikuwahusu masuria hadi 1909. Mtoto wake kwa bwana alizaliwa huru, na suria huyo hakuruhusiwa kuuzwa tena, akawa huru bwana akifa. Kuna hadithi nzito hapo, ya mama, ya hofu, ya kusubiri kifo cha mtu, lakini ukiipaka marashi unawadhulumu waliokufa.

Kuhusu ngano, acha popobawa, lile zimwi la usiku, huyo ni wa karne ya 20. Chukua pepo. Mke wa ndani hakuweza kudai nguo wala hina mbele ya mume bahili, lakini pepo wake aliweza, naye mume akatoa huku mganga akisimamia. Anayepandwa huitwa kiti. Hebu fikiria mjane wako, edda imekwisha, kaka mtu amekataa, na usiku wa ngoma kiti anafungua kinywa na kumtaja nahodha kwa jina. Ni pepo anayesema, au ni yeye? Usimjibu msomaji.

Rudi kwenye muswada wako, dada yangu. Chora kalenda ya Januari hadi Mei 1850, ya mwezi mwandamo upande mmoja na ya kaskazi na kusi upande wa pili, ubandike juu ya meza. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Julai, kwa hiyo ile futari ya sura ya sita, mwezi Machi, iondoe.