Maswali na Majibu ya Kompyuta: RAM Nne Zinapokataa Kukaa Pamoja

Swali: Ndugu Mhariri, nina kompyuta ya mezani niliyoiunganisha mwenyewe, yenye prosesa ya Ryzen 5 3600, ubao mama wa B450 na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mbili za aina ya DDR4, kila moja GB 8, kasi 3200. Kwa kuwa ninahariri video za harusi, nilinunua Kariakoo RAM nyingine mbili za ukubwa na kasi hiyohiyo, ila za kampuni tofauti. Tangu nizichomeke zote nne, wakati mwingine feni huzunguka huku skrini ikibaki nyeusi, na wakati mwingine kompyuta hufunguka kisha huleta skrini ya bluu katikati ya kazi. Fundi ameniambia kuwa ubao mama umekufa. Je, ninunue mwingine? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue ubao mwingine kwa sasa. Ubao uliofanya kazi bila tatizo hadi siku ulipoongeza RAM hauna budi kuwa wa mwisho kushukiwa, na ninasikitika kila ninaposikia mtu ameshauriwa kubadilisha kifaa cha gharama kabla hata RAM moja haijachomolewa na kupimwa peke yake.

Namba 3200 iliyoandikwa kwenye lebo si kasi ambayo RAM huanza nayo. Kila RAM ina chipu ndogo yenye maelezo yake, na humo mna kasi ya kawaida, mara nyingi 2133, 2400 au 2666, inayotumia volti 1.2. Kasi ya 3200 kwa RAM nyingi za aina hiyo imo katika wasifu wa ziada uitwao XMP, ambao kwa kawaida hupandisha umeme hadi volti 1.35, na mtengenezaji aliuhakikisha kwa RAM mbili zilizouzwa katika pakiti moja, hakuupima pamoja na za kampuni nyingine. RAM mbili zenye lebo zinazofanana zinaweza kuwa na chipu za watengenezaji tofauti na vipimo vya muda visivyolingana.

Jambo la pili ni idadi. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na kina njia mbili tu. Unapojaza sloti zote nne, kila njia hubeba RAM mbili, hivyo ishara za umeme hudhoofika na kuingiliana. Ndiyo maana AMD yenyewe, kwa prosesa za kizazi chako, inataja kasi ya 3200 kwa RAM mbili, lakini kwa RAM nne hushusha hadi 2933 ikiwa zina safu moja ya chipu, na 2667 ikiwa zina safu mbili. Safu hizo utazisoma kwenye lebo: 1Rx8 ni moja, 2Rx8 ni mbili. Ubao mpya, basi, usingekiondoa kikomo hicho, kwa sababu hakimo kwenye ubao.

Anza hivi. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha acha RAM moja tu katika sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, ambayo kwenye bao nyingi za sloti nne ndiyo inayopendekezwa. Kijitabu cha ubao kitathibitisha. Rudisha BIOS, yaani programu ndogo ya ubao inayoiwasha kompyuta, katika hali ya kiwandani, kwa kutumia pini zilizotajwa kwenye kijitabu au kwa kuondoa betri ya duara kwa dakika chache. Washa, kisha jaribu RAM zote nne, moja baada ya nyingine, katika sloti hiyohiyo. Programu ya MemTest86, inayoendeshwa kutoka kwenye flashi bila kufungua Windows, itakupa jibu la uhakika ukiiacha ifanye kazi usiku kucha, na hata kosa moja katika kasi ya kawaida linatosha kuirudisha RAM dukani.

Kisha zijaribu katika sloti nyingine pia. Ikiwa hitilafu inaifuata RAM popote unapoihamishia, RAM ndiyo mbovu. Ikiwa inabaki kwenye sloti ileile hata kwa RAM nzima, angalia kwanza vumbi na kutu, kwani hewa ya chumvi ya Dar es Salaam si rafiki wa viunganishi vya shaba, kisha chunguza pini za prosesa, kwa sababu pini moja iliyopinda yaweza kuizima njia nzima.

Ninavyodhani, zote nne zitapita zikiwa peke yake. Hapo zirudishe pamoja, kila pakiti ikikaa katika sloti zilizo za jozi moja, uzime XMP ndani ya BIOS, na kompyuta ikitulia upandishe kasi kidogo kidogo: 2666, kisha 2933. Kusasisha BIOS pia husaidia sana kwa bao za B450, lakini usithubutu kufanya hivyo bila UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika), maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza kufa kweli. Kwa uhariri wa video, GB 32 katika kasi ya 2666 zina manufaa kuliko GB 16 katika 3200 zinazojaa kila dakika. Ikiwa muuzaji atakubali kubadilishana, pakiti moja ya GB 16 mbili ndiyo suluhisho bora.

Swali: Nimeuziwa RAM ya DDR4 ya GB 16 kwa bei nafuu. Imeingia vizuri kwenye sloti lakini kompyuta haiwaki. Je, imeharibika? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Huenda si mbovu, bali ni ya seva. Tazama kwenye lebo: baada ya maandishi kama PC4-2666V kuna kistari na herufi. U ni ya kompyuta ya kawaida ya mezani, na R ni ya seva, yenye chipu ya ziada ambayo ubao wako hauielewi. DDR4 za aina zote mbili zina mkato mahali pamoja, ndiyo maana iliingia. Irudishe ulikoinunua, na unapopewa nyingine soma herufi hiyo kabla ya kulipa.