Kabla ya Kuhamia Shamba, Itembelee Wilaya Mwishoni mwa Kiangazi

Nilipokwenda kutazama shamba la kwanza nililotaka kuhamia, mvua zilikuwa zimekolea, nyasi zimefika kiunoni na kisima kimejaa, nami nikakaribia kulipa arubuni siku ileile. Hati zilichelewa, nikarudi baada ya miezi mitano. Niliteremsha ndoo mpaka kamba ikakaribia kunitoka mkononi, na kilichopanda kilikuwa tope jekundu lenye maji yasiyojaza kata. Tangu hapo sikubali kuipima wilaya yoyote ila wakati wa hali yake mbaya kabisa.

Maji ndiyo mwanzo wa yote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 60,000, ingawa sehemu yake hupotea kwa kumwagika na kukauka. Hesabu hiyo huwadanganya wengi, kwa sababu kinachoamua si jumla ya mwaka bali urefu wa kiangazi. Watu watano wakitumia lita 15 kila mmoja kwa siku, kiasi ambacho mashirika ya misaada hukichukua kuwa cha chini wakati wa dharura, watamaliza lita 11,250 katika siku 150 bila mvua, na hapo mifugo na bustani havijapata hata tone. Usipoweza kuhifadhi kiasi hicho, tafuta penye chemchemi isiyokauka.

Kisha tazama mafuriko yalikofika. Mashina ya miti huhifadhi mstari wa matope, na takataka kavu zilizonasa matawini juu ya kichwa chako ni ushahidi mzito kuliko maneno ya muuzaji. Hesabu pia njia za kutokea: wilaya yenye rutuba ambayo barabara yake moja hupita juu ya daraja moja hugeuka kisiwa daraja likisombwa, na mgonjwa hawezi kungoja maji yapungue. Mimi husafiri mwenyewe hadi hospitali iliyo karibu siku ya mvua, saa mkononi.

Udongo unaweza kuboreshwa kwa samadi, hivyo siupi uzito sana, isipokuwa shimo ulilochimba likituamisha maji hadi kesho yake, maana hapo choo cha shimo kitakutesa. Kwenye ofisi ya ardhi, uliza kama kuchimba kisima kunahitaji kibali, na kama njia ya kuingilia shambani ni haki iliyoandikwa au ni hisani ya jirani tu.

Shamba nililonunua hatimaye halikuwa la kijani kuliko mengine. Lilikuwa na barabara mbili zinazoelekea pande tofauti, majirani wanaokopeshana zana, na chemchemi ambayo, katika wiki ya mwisho ya kiangazi, iliijaza ndoo yangu ya lita 20 kwa dakika nne.