Kutubu na kurudi tena kwenye pombe

Shalom ndugu yangu. Umeuliza kama Mungu bado anakusikia, maana umeokoka lakini kila mbalamwezi, wakati dagaa hawavuliwi na mitumbwi imeegeshwa pale ufukweni Kibirizi, Kigoma, unarudi kwenye pombe. Anakusikia. Pale 1 Yohana 1:9, "Tukiziungama dhambi zetu", Yohana anawaandikia watu walioamini tayari, na yeye mwenyewe amejihesabu humo. Soma pia Warumi 7 yote, ila usiishie hapo kama wengi wanavyofanya. Mstari unaofuata, 8:1, unasema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Amani unayoitafuta iko hapo. Haingoji kwanza umalize mwezi mzima bila kuanguka.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba unapigana peke yako. Yakobo 5:16 inataka tuungamiane. Si lazima usimame mbele ya usharika wote. Mtafute mzee mmoja wa kanisa anayejua kutunza siri, umweleze kwamba siku za giza za kuvua zikiisha na pesa ya dagaa iko mfukoni ndipo unapozidiwa. Jioni hizo akupitie nyumbani, na pesa aitunze mama watoto.

Halafu jambo ambalo watu wa maombi hulisahau: kama mikono hutetemeka ukiacha pombe, usiache ghafla. Pita hospitali ya Maweni kwanza umwone daktari. Kwenda hospitali si kukosa imani. Ukishaongea na huyo mzee niandikie, tuendelee kuomba pamoja.