Hiyo "e" kwenye namba ni ya nini?

SWALI: Habari, mimi si mtu wa kompyuta kihivyo, najifunza tu Python, lugha ya kuandikia programu, mwenyewe usiku nikishamaliza kazi. Nimegawa 1 kwa 8000000 ikanipa 1.25e-07, halafu nikajumlisha 0.1 na 0.2 ikaja 0.30000000000000004. Kompyuta ni mbovu ama ni mimi nimekosea?

JIBU: Hujakosea, na kompyuta yako nzima kabisa. Tuanze na hiyo e, maana wengi wanadhani ni ile e ya hesabu, ya 2.718, siyo yenyewe, hapa inasimama tu badala ya "mara 10 kwa kipeo cha". Kwa hiyo 1.25e-07 unachukua 1.25 unasogeza nukta hatua 7 kushoto unapata 0.000000125, na ukikuta 3.4e5 unasogeza hatua 5 kulia, 340000. Ndo maana namba kama hizi zinaitwa namba za nukta inayoelea, kompyuta inatunza tarakimu kivyake na mahali pa nukta kivyake.

Sasa hiyo 4 ya mwisho kwenye 0.30000000000000004 ndo penyewe. Namba hizi kwa kawaida zinapewa biti 64 (biti ni nafasi moja ya kuweka 0 au 1): 1 ya alama ya chanya au hasi, 11 za kipeo, 52 za tarakimu, ni utaratibu wa wahandisi unaoitwa IEEE 754, wa mwaka 1985, na karibu lugha zote za programu zinaufuata. Nafasi ina mwisho. Chukua karatasi ugawe 1 kwa 3, unaandika 0.3333 weee mpaka unaacha mwenyewe. Kompyuta inahesabu kwa mbili, yaani kwa 0 na 1 tu, siyo kwa kumi, na kwake sehemu moja ya kumi ndo haiishi, inaenda 0.000110011001100 hivyohivyo mpaka nafasi zimejaa, inabidi ikate na kukadiria. Ile 0.1 uliyoandika wewe, ndani imekaa takriban 0.1000000000000000055, na masalia kama hayo ukiyajumlisha yanachomoza kule mwisho. Jaribu 0.5 + 0.25, itatoka 0.75 safi, maana nusu na robo zinaingia kwenye mbili bila kubaki kitu.

Kinachoniuma ni watu kutunza hela kwa namba hizi, tafadhali usifanye hivyo, tunza kwa senti, namba kamili. Na ukishajumlisha usiulize kama jibu == 0.3 (yaani ni sawasawa na 0.3), utaambiwa False, siyo kweli, na utakesha unatafuta kosa ambalo halipo, uliza kama tofauti yao ni ndogo kuliko 1e-9, ambayo sasa unaweza kuisoma.